Mgeni akishuka daladala: namna usharika unavyompokea na kumtunza

Bwana Yesu asifiwe.

Miaka michache iliyopita, kabla sijachaguliwa kuwa mzee wa kanisa, nilienda kwenye msiba wa kichanga katika nyumba ya kupanga, mtaa wa pili kutoka kwetu. Mama wa marehemu alikuwa amekaa mkekani, mlangoni pa chumba chake, khanga imemfunika kichwa. Wapangaji wenzake, wengi wao Waislamu, walikuwa wameshachota maji na kubandika uji. Mama mwenye nyumba ametoa mikeka na sufuria kubwa. Nikamuuliza yule dada anasali wapi. Akanitajia kanisa ninalolijua. Amesali pale miezi saba, ibada ya kwanza, benchi la nyuma karibu na nguzo. Alipopiga simu huko asubuhi ile, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa namba yake ya bahasha ya sadaka. Hakuwa nayo. Mtoto alizikwa saa kumi alasiri, na aliyeongoza sala ni mpangaji wa chumba cha tatu, kijana fundi seremala wa dhehebu jingine kabisa.

Simsemi vibaya aliyepokea ile simu. Bahasha zina kazi yake, bila ahadi za Wakristo hakuna umeme wala posho ya mwinjilisti. Ila miezi saba ni Jumapili karibu thelathini. Ile ya kwanza alisimamishwa pamoja na wageni, akapigiwa makofi, akakaa. Ikaishia hapo. Nimelifikiria jambo hili muda mrefu, na ninaamini mgeni katika jiji hili hapotei kwa sababu waumini wana roho mbaya. Anapotea kwa sababu hakuna mtu mmoja aliyekabidhiwa kazi ya kumjua. Haya ninayoandika hapa yanahusu namna ya kumpata huyo mtu mmoja, na afanye nini.

Nimetumia maneno ya kwetu Walutheri. Mkatoliki anaposoma usharika aone parokia, anaposoma jumuiya aone jumuiya ndogondogo yake, anaposoma mwinjilisti aone katekista. Wengine nao watajua pa kubadilisha.

Kwanza, tembeeni kwa miguu

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 katika mkoa wa Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya hao ni wapangaji, na mpangaji huhama kodi inapoisha. Kwa hiyo orodha ya Wakristo mliyoiandika miaka mitatu iliyopita leo ina majina ya watu walioko Chanika au Bunju, na haina jina la binti aliyehamia juzi nyuma ya uzio wa kanisa.

Chagueni Jumamosi moja. Watu wanane wanatosha, wawili wawili, mwanamume na mwanamke. Kabla ya hapo nendeni ofisi ya serikali ya mtaa, mjitambulishe kwa mwenyekiti na mtendaji, waambieni mtapita nyumba gani na kwa nini. Mkipita bila kuaga mtadhaniwa matapeli, na kwa jinsi mji ulivyo watu wana haki ya kudhani hivyo.

Msibebe vipeperushi. Msibebe daftari la michango. Maneno yawe machache: "Tunasali pale kanisani, tumekuja kuwasalimia majirani. Kuna jambo lolote la kanisa letu linalowapa shida?" Kisha nyamazeni, msikilize.

Sisi tulipouliza swali hilo huku bondeni Tabata, jibu lilikuwa moja karibu kila nyumba: spika. Kulikuwa na mzee wa miaka zaidi ya sabini, Mwislamu, mwenye maradhi ya moyo, ambaye kila Ijumaa ya mkesha hakupata usingizi hadi alfajiri. Hakuwahi kuja kulalamika. Alisema, "Ni nyumba ya Mungu, mwanangu, nitasemaje?" Niliona aibu ambayo sijaisahau. Tukazigeuza spika zielekee ndani, na kuanzia saa nne usiku mkesha wetu ukawa wa midomo mitupu. Hiyo ndiyo huduma ya kwanza tuliyowapa majirani zetu, na haikutugharimu hata shilingi.

Jambo la pili lilikuwa magari yetu ya Jumapili, yaliyoziba uchochoro hata bajaji ya mgonjwa isipite. Hilo lilihitaji kijana mmoja wa kusimama pale na kuelekeza.

Mnapotembea, andikeni mnayoyaona: wazee wanaokaa peke yao, bibi anayelea wajukuu, nyumba zilizo karibu na mto, mlemavu asiyetoka ndani. Msichague Wakristo tu.

Mlangoni

Wazee wa zamu wa mlangoni wachaguliwe kwa tabia, si kwa zamu ya herufi. Anatakiwa mtu anayekumbuka sura za watu. Kwetu mmoja ni mama muuza samaki pale sokoni. Anakumbuka mteja aliyekopa mwezi uliopita, atashindwaje kukumbuka mgeni wa Jumapili iliyopita?

Mgeni akifika, msalimie kwa salamu yenu. Akiitikia kwa salamu ya kanisa jingine, au akisema "Shikamoo" tu, mpokee hivyo hivyo. Mtafutie mahali pa kukaa pembeni ya mtu, si benchi tupu, na yule mtu ajulishwe: "Mama Neema, huyu ni mgeni wetu, mtakuwa pamoja." Kitabu cha nyimbo kimfikie kikiwa kimefunguliwa ukurasa.

Chunguzeni pia viti vyenu vya mbele. Yakobo aliwaonya Wakristo wa mwanzo waliompa mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri na kumwambia maskini asimame kule. Tuna viti vyenye vitambaa kwa ajili ya mheshimiwa anayekuja mara moja kwenye harambee, na mama mwenye mtoto mgongoni anasimama ukutani saa mbili nzima. Wapisheni wajawazito, wazee na wenye watoto kwanza. Mwenye kiti cha magurudumu atengewe nafasi ndani ya safu, asiwekwe njiani kama mzigo, na kama mlangoni kuna ngazi, fundi wa mtaani anaweza kumwaga mteremko wa zege kwa siku moja. Mkiwa na kiziwi hata mmoja, tafuteni mtu afundishwe lugha ya alama.

Kuhusu kusimamisha wageni wakati wa matangazo, maoni yangu ni kwamba tuache. Najua wengi wanaipenda desturi hii. Lakini fikirini mtu aliyekimbia mume mkatili, au aliyefukuzwa kazi, au aliyekaa miaka kumi bila kuingia kanisani: mnamwambia asimame, ataje jina, anakotoka na anakosali, mbele ya watu mia sita. Wengine hawarudi kwa sababu hiyo tu. Mwenye matangazo aseme wageni wanakaribishwa chai chini ya mwembe baada ya ibada, na wazee wa zamu wawafuate mmoja mmoja.

Chai hiyo iwepo kweli. Chupa mbili na maandazi ishirini ni sadaka ndogo kwa jumuiya moja kila Jumapili.

Daftari la wageni

Hapa ndipo penye moyo wa kazi yote, nitakawia kidogo.

Daftari liwe moja, la kawaida, lishikwe na mtu mmoja na msaidizi wake. Andikeni jina analopenda kuitwa, namba ya simu, na kituo anachoshukia. Msiulize anuani, mtu wa uswahilini atawaeleza kwa kituo na alama: nashuka Relini, naulizia kwa mama muuza mkaa, geti la kijani. Hiyo ndiyo inayowafikisha. Ulizeni kama ni vizuri kumpigia, na saa ngapi. Mlinzi wa usiku akipigiwa saa nne asubuhi mmemwamsha.

Msiulize kabila. Msiulize kama ameolewa. Msiulize anapofanya kazi. Namba yake isiingizwe kwenye kundi la WhatsApp bila ruhusa yake. Tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, heshima ingetosha.

Kisha kuna safu ya mwisho, ambayo madaftari mengi hayana: jina la mwenyeji. Siyo jina la jumuiya wala la kamati. Jina la mtu mmoja, mfano Baba Upendo, ambaye kabla ya Jumatano jioni atapiga simu, na kabla ya Jumapili ya pili atakuwa amefika au ameomba kufika. Mkiacha safu hiyo wazi kwa kusema "jumuiya itashughulikia", hakuna atakayeshughulikia. Nimeliona hili mara nyingi mno. Kila Jumatano usiku mwenye daftari awapigie wenyeji: umempata? Yukoje? Jibu liandikwe kwa sentensi moja.

Mwenyeji mmoja asibebe wageni zaidi ya watatu kwa wakati mmoja, na asiwe mchungaji. Mchungaji wa usharika wenye watu elfu mbili hawezi, na kumlaumu ni kumwonea.

Kwenda nyumbani kwa mtu

Piga simu kwanza. Nendeni wawili. Msiende saa ya kula, msikae zaidi ya nusu saa, na saa kumi na mbili jioni isiwakute bado mmekaa.

Nyumba ya kupanga ina adabu yake. Msalimieni kwanza mwenye nyumba, kisha wapangaji walioko uani, ndipo mgonge chumba mnachokwenda. Mkipita moja kwa moja, mtaondoka na yeye ataulizwa wiki nzima wale walikuwa akina nani. Ndani kunaweza kuwa na kitanda na stuli moja. Kaeni panapokalika, hata kwenye ndoo iliyogeuzwa, bila kuangaza macho. Akileta maji ya kunywa, pokeeni.

Siku hiyo msitaje bahasha, jengo, wala ahadi.

Halafu jumuiya yenyewe. Ibada za nyumba kwa nyumba ndizo nguvu ya makanisa ya jiji hili, lakini zimeingiwa na ugonjwa wa chakula. Mmoja akiandaa chai na mihogo, wa pili ataandaa supu na chapati, wa tatu pilau. Mpangaji wa chumba kimoja anahesabu wiki kwenye ratiba, na zamu yake ikikaribia anaanza kuwa na "dharura". Wekeni sharti la maandishi: hakuna kula, au chai ya rangi tu, kwa wote, mwenye ghorofa na mwenye chumba. Nunueni mabenchi mepesi manne yahame na ibada. Asiye na nafasi, ibada ifanyike uani au kwa jirani, ila kwa jina lake. Jumuiya moja kwetu ilifanya hivyo, na watu wanne waliokuwa wamepotea walirudi ndani ya miezi miwili bila kuhubiriwa neno lolote.

Mgonjwa

Dar es Salaam inapokea wagonjwa wa nchi nzima. Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road wanafika watu kutoka Kigoma, Songea, Simiyu, na ndugu mmoja aliyewasindikiza asiyejua hata daladala ya kupanda. Matibabu ya mionzi huenda wiki kadhaa, siku za kazi kila siku, na asiyelazwa anahitaji pa kulala. Kama usharika wenu una familia tatu zenye chumba cha ziada, mna kitu ambacho hakuna mchango wa fedha unaokifikia. Waandikeni na wakubaliane na masharti mapema: siku ngapi, chakula nani analeta, nauli ya hospitali nani anatoa.

Anayekwenda wodini aulize saa za kuona wagonjwa na azifuate. Aombe kwa sauti ya chini, maana vitanda ni vingi na kila mmoja ana imani yake. Apeleke vitu ambavyo nesi amevikubali. Asimpige mgonjwa picha kwa sababu yoyote ile. Na asimwambie mtu aache dawa ili aonyeshe imani. Mzee atakayesema hivyo aitwe na aonywe siku hiyo hiyo.

Vijana wa usharika wanaweza kuchangia damu kwa Damu Salama kila baada ya miezi michache. Lipangeni kwenye ratiba ya mwaka kama mnavyopanga tamasha la kwaya.

Msiba

Mswahili hasahau aliyemkuta msibani, na hasahau ambaye hakumwona.

Mwenyeji akipata taarifa, ndani ya saa mbili watu wawili wawe wamefika, hata mikono mitupu. Kazi yao ni kuuliza na kutazama: turubai lipo? Viti? Maji yanatoka? Nani anapika? Jirani zetu Waislamu watakuwa wengi pale, basi kitoweo kichinjwe na Mwislamu ili kila aliyeacha shughuli zake aje kutusaidia ale bila wasiwasi. Kama mwili unasafirishwa mkoani, gharama ni kubwa na familia itakuwa imechanganyikiwa, kwa hiyo mtu mmoja mtulivu ashike kalamu na michango, na aisomee familia kila kilichoingia.

Suala la bahasha limalizwe na baraza la wazee kabla msiba haujatokea. Pendekezo langu ni hili: aliyefiwa haulizwi anadaiwa nini. Kichanga, mlevi, aliyeacha kusali, mpangaji wa wiki mbili, wote wanaletewa sala na watu. Mkilipitisha, liandikwe kwenye muhtasari na wapokea simu wote walijue kwa moyo.

Baada ya kuzika, turubai linashuka na kila mtu anarudi kazini. Hapo mjane anabaki na mambo magumu. Anahitaji cheti cha kifo kutoka RITA, ofisi ya serikali inayosajili vizazi na vifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, kufungua mirathi mahakamani, na mara nyingine ndugu wa mume wameshaanza kuhesabu vitu vya ndani. Kila usharika mkubwa wa mjini una wakili, karani au mwalimu mstaafu anayejua ofisi hizi. Aombwe amsindikize kwa miguu yake, si kumwelekeza tu kwa simu. Wiki ya sita mwenyeji arudi na apike chakula kimoja pale pale nyumbani.

Fedha za diakonia

Kitabu cha fedha hizi za kusaidia wahitaji kiwe peke yake. Watie saini wawili wasio wa nyumba moja. Vigezo viandikwe, pamoja na kiwango cha juu cha msaada mmoja, maana bila hivyo anayejua kulia mbele ya mchungaji atapata, na mwenye haya atalala njaa. Tangu siku za mitume manung'uniko yalianzia hapo hapo, wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika huduma ya kila siku, wakachaguliwa watu saba wa kulisimamia.

Kodi ilipwe kwa mwenye nyumba na dawa ilipwe duka la dawa, inapowezekana. Chakula kipelekwe jioni, kwenye mfuko wa kawaida: unga, maharage, mafuta, sabuni, chumvi. Majina yasisomwe kanisani. Picha zisipigwe. Mtoto wa nyumba ile anasoma na watoto wenu.

Watoto

Mtu mzima asikae peke yake chumbani na mtoto, awe mwalimu wa Shule ya Jumapili, mwanakwaya au mchungaji. Kila darasa wawe wawili. Mtoto akieleza kwamba ameumizwa, msimhoji mara mbilimbili, na msiitishe kikao cha kuyamaliza kifamilia. Pigeni 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto, au nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii. Hata mtuhumiwa akiwa mfadhili wa jengo.

Kabla ya masika

Walio kando ya mto Msimbazi hawahitaji kukumbushwa Desemba 2011, maji yalipofika madirishani na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Mvua za vuli na za masika zinarudi kila mwaka, basi mwezi wa pili kila kitu kiwe tayari. Ufunguo wa ukumbi na wa choo ushikwe na watu wawili wanaolala karibu, si na mlinzi peke yake. Wekeni mikeka, ndoo, taa ya kuchaji, sabuni, taulo za kike. Kijana mmoja apewe jina la bibi mmoja wa bondeni wa kumbeba maji yakianza kupanda. Atakayekimbilia kwenu asiulizwe dini yake, na pawe na pembe safi ya kuswalia.

Wiki inayofuata ndiyo watu husahau: sare za shule zimekwenda na maji, madaftari yamelowa, cheti cha kuzaliwa hakipo.

Mgeni apewe kazi, na anayehama asindikizwe

Baada ya miezi mitatu hivi, mwombeni mgeni wenu afanye kitu. Kumenya viazi, kupanga viti, kufundisha watoto wimbo, kusimama mlangoni. Mtu anayepokea tu huishi kama mdaiwa, na siku moja huondoka kimya. Wenyeji wazuri kabisa niliowaona ni wale waliokuwa wageni mwaka uliotangulia. Wanajua lile benchi la nyuma karibu na nguzo lilivyo.

Naye atahama, kodi itapanda, au kazi itampeleka Kigamboni. Msimwache aondoke na barua ya utambulisho mkononi peke yake, maana barua hukaa kwenye mkoba mwaka mzima. Mwenyeji wake atafute namba ya mzee wa kanisa wa huko aendako, ampigie mwenyewe: "Jumapili hii anakuja dada mmoja na watoto wawili, ibada ya kwanza. Atashuka kituo cha kwenu saa moja kasoro robo. Naomba umsubiri pale."